Biriani ya Irshad Yaenda Mirdif

Irshad alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na duka la dawa lenye dawa yake halijafunguliwa bado Dubai nzima. Hakuweza kutafuna mbele ya mtu bila kumwambia karibu.

Kwao Mombasa, mtaa wa Kibokoni, huo si ugonjwa, ni malezi. Unakula, mtu anapita, unamwambia, "Karibu." Naye anajibu, "Starehe," au, "Ahsante, ndio kwanza natoka kula," hata kama tangu asubuhi hajaona punje ya wali. Anapita zake, nawe unaendelea na tonge lako. Kila mmoja ameonyesha adabu, na hakuna aliyepungukiwa na kitu. Pwani yote watu wameishi hivyo tangu enzi za mababu, na hakuna aliyepata hasara, kwa sababu kila mtu anaijua zamu yake ya kusema.

Dubai, watu hawaijui zamu yao. Siku ya kwanza kazini, miaka sita iliyopita, Irshad alikaa nyuma ya duka la mapazia na chapati zake mbili na maharagwe. Akapita fundi mmoja wa Kihindi. Irshad akamwonyesha sahani kwa mkono, akamwambia karibu kwa Kiingereza. Yule bwana akashukuru sana, akavuta kiti, akala chapati moja na nusu. Irshad akabaki na kile kipande mkononi, haamini. Alidhani labda ni mtu mmoja tu aliyekosa malezi.

Kumbe ni mji mzima. Wafilipino walikula samaki wake. Wamisri walikula maandazi yake na kumshauri apunguze iliki. Jirani mmoja asiyekula nyama aliimaliza kachumbari yote, kisha akauliza kama kuna ndimu. Mtu mwingine angejifunza, angekula amejifungia chooni. Irshad hakujifunza, maana neno lenyewe lilikuwa linamtoka kabla hajafikiri, kama chafya. Katika jengo lao la Karama, "karibu" likawa neno la kwanza la Kiswahili kujulikana na mataifa yote, na wengi wakaamini kwamba ndilo jina lake. Barua ya maji na umeme iliwahi kupelekwa mlangoni imeandikwa kwa kalamu, Mista Karibu.

Kazi yake ilikuwa kupima madirisha na kutundika mapazia. Alipanda ngazi, akanyoosha utepe, akaandika namba, akashuka. Aliijua Dubai kwa madirisha yake: nani anataka kiza totoro mchana, nani anataka jirani aone taa zake mpya. Jioni alirudi kwenye chumba walichopanga watu wanne, vitanda viwili vya ghorofa, na friji moja ambayo kila mtu alikuwa na rafu yake na tuhuma zake.

Wenzake walikuwa na mambo ya kujiliwaza. Mmoja alinyanyua vyuma na kujitazama kwenye kioo mpaka kioo kikachoka. Musab, mtu wa Tanga anayepakia mizigo uwanja wa ndege, alipenda kulala, na alilala kwa bidii kama mtu anayelipwa ovataimu. Irshad alipenda kupika. Chini ya kitanda, mahali wenzake walipoweka masanduku ya kurudia kwao, yeye aliweka sufuria tatu, kinu na mchi, miko miwili na kopo la samli. Kila Jumapili, siku yake ya mapumziko, alipika chakula kimoja kikubwa. Siku nyingine za wiki alilala chali akitazama video za watu wakipika na kuwakemea kwa sauti. "Vitunguu bado hivyo! Ngoja, ewe mwanamke, ngoja!" Alikuwa mtu mpole katika kila jambo isipokuwa vitunguu.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake mpaka alipotumwa Mirdif, kwenye nyumba ya Bi Jokha, yenye madirisha kumi na moja.

Bi Jokha alikuwa mjane wa Kiunguja, aliyeletwa Dubai bibi harusi miaka arubaini iliyopita, na katika muda huo wote hakukubali kubadilika kitu ila mapazia. Aliishi na binti yake Badriya, mfamasia wa miaka ishirini na tisa, aliyezaliwa huku huku na kuzungumza lugha tatu ndani ya sentensi moja. Siku ya kupima, Badriya ndiye aliyeshika ncha ya pili ya utepe. Irshad akaenda tena kuhakikisha vipimo. Akaenda tena. Dirisha la sebuleni lilipimwa mara nne, hata mwenye duka, yule arbab wao, akauliza kama dirisha hilo linakua.

Mapazia yalitundikwa, simu zikaanza, na kwa miezi mitano wawili hao walizungumza kila siku. Irshad alishampenda, na kuficha hajui. Badriya naye alimpenda, na akamwambia mama yake waziwazi, maana kuficha haoni sababu. Lakini palikuwa na Hazim. Hazim alikuwa na ofisi, gari refu jeusi na mashangazi wenye haraka, na mashangazi hao walikwishapeleka habari kwamba Ijumaa wazee wao watakuja Mirdif kuposa.

"Mwanamme anayepika?" Bi Jokha alimwambia binti yake. "Wa Mombasa? Biriani? Wale hawapiki biriani, mwanangu, wanapika fujo. Haya, mwambie ailete Jumapili, saa saba adhuhuri. Nikiridhika nayo, tutazungumza. Nisiporidhika, Ijumaa nawakubalia wazee wa Hazim, yaishe, maana n'shachoka kuwacheleweshea watu jibu."

Badriya akamtumia Irshad ujumbe wa sauti, na Irshad akausikiliza mara tisa. "Irshad, please, saa saba kamili. Mama anapenda mbatata nyingi. Na nisikilize vizuri, habibi. Usiifungue njiani. Usimwambie mtu yeyote karibu. Yeyote! Khalas." Alijua anachokisema. Siku ya kutundika mapazia alimwona Irshad akila chakula chake bustanini, na kwa macho yake alishuhudia chakula hicho kikiliwa na dereva, mkata majani na paka wa jirani.

Jumapili hiyo Irshad aliswali alfajiri akaingia jikoni moja kwa moja. Nyama ilikuwa imelala kwenye mtindi, tangawizi, saumu na papai bichi tangu jana. Alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya shaba, si kabla wala si baada. Alikaanga viazi, alipika masala taratibu, alichemsha mchele mrefu na kuupaka zafarani. Yeye mwenyewe hakula kitu. Kwanza, moyo ulikuwa unamwenda mbio. Pili, mpishi akishiba ulimi husema uongo. Saa tano na nusu vilikuwa tayari: hotpoti kubwa ya wali, hotpoti ndogo ya masala, na bakuli la kachumbari. Alivitazama akatokwa na machozi kidogo, na safari hii vitunguu havikuhusika.

Akachota kijiko kimoja tu kuhakikisha chumvi. Hapo ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Musab kutoka zamu.

"Assalamu alaykum. Loo! Nini hiyo?"

Irshad alikuwa na kijiko mdomoni. Alimwona Musab, Musab akaona anatafuna, na neno likatoka lenyewe kupitia pembeni mwa kijiko. "Karibu."

"Ahsante, ndugu yangu." Musab alishavua kofia. "Sahani zi wapi?"

"Musab! Wewe mtu wa Tanga! Waambiwa karibu, wajibu starehe. Wajua!"

"Tanga nikisema starehe, mama kaniwekea changu nyumbani," Musab akasema huku anapakua. "Hapa nikisema starehe, nalala na njaa. Niongeze kiazi."

Irshad akamwongeza kiazi. Mkono wake mwenyewe ulifanya hivyo, naye akautazama kwa hasira. Halafu akafunga vifuniko, akavifunga na kanga juu yake mafundo mawili, akala kiapo mbele ya Musab aliyekuwa hasikilizi: kuanzia hapo mpaka Mirdif, kinywa chake hakitafunguka.

Chini mlangoni alikuwa amekaa Cissy, mlinzi wa jengo, Mganda wa Masaka. Mwenzake wa zamu hakutokea, kwa hiyo alikuwa hapo tangu saa kumi na mbili bila hata chai. Na mlango wa jengo haufunguki mpaka Cissy abonyeze kitufe.

"Mista Karibu! Leo unahama?"

Irshad akatikisa kichwa, midomo ameibana.

"Unaumwa meno?"

Akatikisa tena. Harufu ya samli na zafarani ikatambaa mpaka kwenye meza ya Cissy. Hakuomba, tuseme kweli, hakuomba hata kidogo. Alimeza mate tu, na yale mate yalisikika ukumbi mzima, kwa sababu ukumbi ulikuwa wa marumaru. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe na hakikubonyeza.

"Karibu," akasema Irshad.

Ndipo alipojua kwamba ugonjwa umepanda daraja. Zamani ulimjia akiwa anatafuna. Sasa ulimjia akiwa amebeba tu.

"Banange!" Cissy alikuwa tayari amefungua mkoba, ana kijiko chake humo na kibakuli. "Kwetu mtu akikupa chakula ukakataa, umemtusi yeye na mama yake. Mimi siwezi kutusi mama yako, ssebo."

"Hapana, usimtusi," Irshad akakubali kwa unyonge, akafungua mafundo.

Cissy alikula kwa macho yaliyofumba. Alipofika kwenye mfupa aliliita jina la Mungu kwa Kiganda. Kisha akabonyeza kitufe, akamwombea safari njema, na Irshad akatoka nje akiwa na hotpoti nyepesi kidogo na moyo mzito kiasi. Lakini chakula bado kilikuwa kingi. Alichungulia akahesabu viazi. Vilikuwa kumi na vinne, na Bi Jokha alikuwa mtu mmoja.

Nje, Rafiq alikuwa akimngoja na gari la duka. Rafiq alikuwa Mpathani wa Peshawar, dereva wao wa miaka yote, mtu mwenye ndevu nyekundu za hina na maoni juu ya kila kitu. Wao wawili walizungumza mchanganyiko wa Kiurdu, Kiarabu na Kiingereza ambao hakuna mwalimu angeukubali, lakini walielewana vizuri sana. Irshad alipakata hotpoti ya masala mapajani na kuibana ile ya wali kwa miguu.

"Biriani ya Afrika," Rafiq akasema, akivuta pua. "Viazi ndani ya biriani. Peshawar ukifanya hivyo wanakupeleka kwa kadhi."

Irshad hakujibu. Alikuwa amejibandika plasta ya gundi mdomoni, ile pana ya kuzuilia mapazia yasipepee. Rafiq alidhani ni mtindo wa vijana.

Wakavuka daraja la Garhoud vizuri. Wakaupita uwanja wa ndege vizuri. Dakika kumi tu kabla ya Mirdif, kwenye barabara ya pembeni iliyopandwa maua mekundu na meupe pande zote, tairi la nyuma likapasuka.

Kulikuwa na tairi la akiba, ila lilikuwa chini ya fito za mapazia, na fito zilikuwa chini ya kila kitu. Wakashusha vitu vyote. Hotpoti zikawekwa kwenye majani, kivulini, zisimwagike gari likiinuliwa na jeki. Na kwa kuwa jeki ilikuwa mbovu, Rafiq alianza kuitukana kwa Kipashto, na kwa sauti hiyo wakaja wanaume watatu wa Nepali waliokuwa wakimwagilia yale maua. Hakuna aliyewaita. Mmoja aliweka jiwe nyuma ya gurudumu, wa pili akalala chini akaishika jeki kwa mikono miwili, wa tatu akatoa ushauri. Katika nusu saa, mchana wa jua la Machi, tairi lilikuwa limebadilishwa, na wote watatu wamelowa jasho kwa ajili ya mtu wasiyemjua.

Irshad akapiga magoti kwenye majani akafungua kifuniko, aone tu kama wali umepinduka. Haukupinduka. Mvuke ukapanda. Wale watatu wakasimama wakitazama, mpira wa maji mikononi unaendelea kumwagika kwenye viatu vyao.

Irshad akagusa plasta yake. Ilikuwa imara. Akaweka na kiganja juu yake kwa usalama zaidi. Na alikuwa ameshinda, wallahi alikuwa ameshinda kabisa, isipokuwa nyuma yake alisimama Rafiq, aliyekula naye kwa miaka sita na kulisikia neno lile kila siku ya Mungu.

"Karibu!" Rafiq akapaza sauti kwa Kiswahili safi, amefungua mikono miwili. "Karibu, karibu!"

Wakanawa mikono kwa mpira wa maua. Rafiq akatandaza nailoni ya kufungia mapazia, wakakaa, na macho yote yakamgeukia mwenye chakula. Mtu ungefanya nini? Irshad akang'oa plasta, ikaenda na nusu ya masharubu, akaanza kupakua.

Na hapa ndipo penye aibu yake kubwa: alifurahi. Alijua anapoteza nini, alijua saa ngapi, na bado aliposikia yule mtoa ushauri akiguna kwa raha, na kumwona yule wa jeki akifuta kidole kwenye ukingo wa sahani, moyo wake uliwaka. Alikuwa anapika kila Jumapili kwa sababu hiyo na si nyingine. Aliwapa mifupa yenye uboho. Aliwaongeza masala. Rafiq alisema biriani hii si biriani, akala matonge kumi na mawili ili awe na hakika. Irshad mwenyewe hakuonja, maana mwenyeji hali kabla wageni hawajatosheka, na wageni hawa walitosheka pamoja na chakula kwisha.

Wakashikana mikono, wakaagana. Irshad akatazama ndani ya hotpoti. Kulikuwa na kiazi kimoja.

"Kuna hoteli pale mbele," Rafiq akasema, sasa amejaa huruma na biriani. "Tunanunua, tunatia humo. Mama mkwe hajui."

"Atajua kwa harufu, na hata asipojua," Irshad akasema, "nimpose binti wa watu kwa mkono wa mpishi mwingine? La. Twende."

Wakafika Mirdif saa nane kasoro robo. Mlango ulifunguliwa na Badriya, amejipamba, ana macho ya mtu aliyekaa dirishani saa nzima. Akapokea hotpoti kubwa. Mikono yake ikapanda juu ghafla, maana alijiandaa kubeba kitu kizito.

"Irshad," akasema polepole. "Kwa nini ni nyepesi?"

Sebuleni, Bi Jokha alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, na kwenye sofa alikuwa amelala kaka yake, Mzee Thuwein, aliyeitwa ili asiwepo mwanamume mgeni bila mwanamume wa nyumba. Mzee Thuwein alikuwa anatekeleza wajibu huo kwa kukoroma. Badriya akaiweka hotpoti mezani, akafungua mafundo, akainua kifuniko.

"Mama," akasema. "Kuna mbatata."

"Na nini?"

"Mbatata tu. Moja."

Irshad akasimulia yote. Hakuficha Musab, hakuficha mate ya Cissy, hakuficha plasta. Alipofika kwa Wanepali, Badriya aligeukia ukutani, mabega yanamcheza, na haikujulikana kama analia au anacheka. Bi Jokha hakucheka. Alichukua uma, akakikata kile kiazi, akala kipande, akatafuna kwa muda mrefu. Kisha akala kilichobaki.

"Mbatata nzuri," akasema. "Umeikaanga kwa samli. Sikutegemea." Akaweka uma chini. "Sasa nikuulize, mwanangu. Nikikupa Badriya, amerudi kazini jioni, miguu inamuuma, akafunua sufuria akakuta mbatata moja. Utamwambia nini? Wanepali walipita?"

Irshad akairudishia hotpoti tupu kifuniko chake.

"Wewe mtu mwema. Nimekuona tangu ulipokuwa unapima lile dirisha, ulidhani sikuhesabu. Lakini mtu mwema na mume ni vitu viwili. Chakula cha saa moja kimekushinda kukilinda, utailinda nyumba? Hapana, Irshad. Nisamehe, siwezi."

Likawa limekwisha. Irshad alilisikia likiisha, mahali fulani chini ya mbavu, na mahali hapo palikuwa patupu mara mbili. Badriya aligeuka kutoka ukutani, na sasa hakuwa anacheka.

"Haya," Bi Jokha akasema, akiinuka, maana adabu ni adabu. "Mimi nilipika cha akiba, nani angemtegemea mwanamme? Wali wa nazi, mchuzi wa nguru na kisamvu. Badriya, lete sahani ya mgeni. Karibu chakula, Irshad."

Sahani ikawekwa mbele yake. Wali ulikuwa mweupe, mchuzi unang'aa, na harufu ya nazi ikamwingia mpaka kwenye visigino.

"Ahsante, Bi Jokha," akasema Irshad. "Nimeshiba."

Naam. Ndivyo alivyofunzwa. Unakataa mara ya kwanza, mwenyeji anakung'ang'aniza. Unakataa mara ya pili, anakuapia. Mara ya tatu unajivuta kama unayelazimishwa, unakula sahani mbili. Lakini Bi Jokha alikuwa ameinama kuokota kitambaa, na aliyesimama pale alikuwa Badriya, mzaliwa wa Dubai, mahali ambapo mtu akisema ameshiba ameshiba. Akamtazama Irshad machoni, akainua ile sahani, akaondoka nayo. Mpaka leo Badriya hajakubali kusema kama alifanya kusudi.

Irshad aliutazama ule wali ukienda zake. Ulipita kiti. Ukapita meza. Ulipokuwa unakaribia mlango wa jikoni, kitu ndani yake kilichokaa kimya tangu utotoni kikapiga kelele.

"Irudishe!"

Bi Jokha akainua kichwa. Mkoromo ukasimama.

"Irudishe, Badriya. Nimesema uongo, sikushiba. Bi Jokha, nina njaa. Tangu jana usiku sijala, ila kijiko kimoja cha kuonja chumvi. Nimepakulia watu sita leo, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza, na wewe, Irshad, je? Nina njaa mpaka naona nyota. Na nampenda binti yako, na vyote viwili vinaniuma, na sijui kipi kinaniuma zaidi!"

"Hata mimi," akasema Mzee Thuwein bila kufumbua macho.

Hakuna aliyecheka. Irshad alikuwa amesimama wima katikati ya sebule, masharubu nusu, uso umemwiva kwa haya. Katika ukoo wao wote, tangu babu wa babu yake, hakuna aliyewahi kutamka maneno hayo katika nyumba ya watu. Bi Jokha akakiweka kitambaa mezani.

"Miaka arubaini," akasema. "Miaka arubaini nakaribisha watu kwenye meza hii, na wote wameshiba. Hajapata kuingia mtu mwenye njaa hapa. Yule Hazim wiki iliyopita alikaa pale pale. Nilimpikia tangu asubuhi. Nikamkaribisha mara tatu, mara zote tatu ameshiba. Basi alipotoka, nikachungulia kwa pazia lako hilo, nikamwona ndani ya gari lake anakula burga."

"Ya jibini," Badriya akasema.

"Miye na nguru wangu ndani, yeye na burga nje!" Sauti ya Bi Jokha ikatetemeka, na Irshad akaona kwamba jambo hilo lilimuumiza kwelikweli. "Mgeni hasemi ana njaa, mwanangu. Wanaosema ni watoto wangu tu." Akaketi. Akaivuta sahani tupu nyingine mbele yake, akaitazama, akaisukuma kwa kaka yake. "Mrudishie wali wake, Badriya. Muongeze na kisamvu. Amka, Thuwein, ule, Ijumaa una kazi ya kuwaambia wazee wa Hazim wasijisumbue."

Badriya akairudisha sahani. Alipoiweka, mkono wake ulichelewa kidogo kuondoka juu ya meza. Irshad akanawa, akasema bismillahi, akala tonge la kwanza, na lilikuwa kubwa mno.

"Na wewe," Bi Jokha akamwambia, "Jumapili ijayo niletee wazee wako. Waambie waje wameshiba."

Irshad alitaka kumweleza kwamba katika Dubai hii hana mzee ila Musab, na Musab hajapata kushiba hata siku moja, lakini mdomo ulikuwa umejaa, kwa hiyo akaitikia kwa kichwa na kuendelea kula.